Jiwe Chini ya Shamba

Mtarimbo uligonga chini ukalia kama kengele ya shule, na ndani ya shimo Mosoti, mchimba visima, akatukana kwa Kikisii. Drusilla hakuijua lugha hiyo, lakini alielewa kila neno.

"Mama, hii jiwe imekataa," sauti ilipanda. "Nivuteni nitoke."

Aliyeshika kamba alikuwa Mwalimu Noah, jirani, aliyestaafu kufundisha jiografia ila mdomo wake haujapata habari hizo.

Shimo lilikuwa limeanza kwa adabu. Udongo mwekundu ulikatika kama mkate, kisha likaja jiwe laini la kijivu, lile ambalo watu huchonga la kujengea. Sasa hili jeusi, ambalo hata kukwaruzika halikutaka.

Drusilla aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mbovu ameunyoosha. Mguu huo ndio ulioleta maneno. Aliteleza akitoka mtoni na mtungi wa maji, akalala katikati ya michai hadi wachumaji wakamkuta. Mwanawe Kiplimo akatoa amri kutoka Nakuru: kufikia Jumamosi kama hakuna maji hapo nyumbani, anakuja na gari kumchukua, akaishi naye ghorofani. Ghorofani! Mwanamke ambaye akikohoa, ng'ombe humjibu.

Wenye ushauri hawakukosa. Shemasi aliyechagua mahali pa kuchimba kwa kijiti cha mpera, eti huinama penye maji, alisema kijiti hakikukosea, jiwe ndilo lililokosea. Drusilla alimwomba aende akaliambie.

"Hii ni lava," Mwalimu alianza, na kwa kuwa Mosoti alikuwa ananing'inia kwenye kamba yake, hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Alieleza kwamba huko chini sana mawe yana joto la kutisha, ila uzito wa juu huyabana yasiyeyuke. Nchi ikivutwa ikatanuka, kama ilivyofanya kule Bonde la Ufa, uzito hupungua, na mawe yanageuka uji. Uji huo ukibaki ndani hupoa polepole, ukafanya jiwe la chembe kubwa kama chumvi ya mawe. Ukimwagika nje hupoa haraka, ukawa mweusi, mgumu, chembe hazionekani. Ukitoka na hewa nyingi unafura povu, na hilo povu likiganda ndilo jiwe lenye matundu ambalo akina mama husugulia visigino. Na majivu yakirushwa juu, yakatua, yakashikana, ndiyo lile la kijivu alilolimaliza Mosoti.

"Mwalimu," Drusilla alisema, "nimeomba maji, wewe unanipikia uji."

"Nafika, mama. Haukumwagika mara moja. Ulimwagika, ukapoa, mvua ikanyesha, nyasi zikaota, ukamwagika tena. Chini ya hili jiwe kunaweza kuwa na shamba la zamani. Maji hupenda kulala hapo katikati."

"Na jiwe lina unene gani?"

Mwalimu alitazama kamba. "Hilo sijui."

Hakuwa amewahi kutamka neno hilo mbele ya watu, na ndiyo sababu Drusilla alimwamini.

Mosoti alipotoka, uso mzima vumbi, alisema imebaki njia moja: kulichoma jiwe mpaka liwe jekundu, kisha kulimwagia maji baridi ghafla, lipasuke. Kuni ziwe ngumu. Na maji yawe mengi.

"Yaani nitafute maji ya kutafutia maji," Drusilla alisema. Hakuna aliyecheka, maana walimwona macho.

Kuni ngumu kushinda zote ni visiki vya mchai. Basi mstari alioupanda marehemu mume wake ukang'olewa, naye akakigombeza kila kisiki kana kwamba kilijing'oa chenyewe. Akatoa maji ya pipa, hata yale ya ng'ombe. Shimo likafuka moshi kutwa nzima. Kisha wakamwaga maji. Jiwe lilipiga kelele. Wakateremsha mshumaa kupima hewa, na ulipokataa kuzimika Mosoti alishuka akarudi na vipande vyembamba kama chapati. Drusilla aliviangalia, akaagiza visiki vingine.

Jumamosi asubuhi moto wa pili ulikuwa umekufa. Mosoti alishuka na mtarimbo. Simu ikalia kwenye aproni: Kiplimo amepita Kericho, anauliza kama mizigo imefungwa.

"Mizigo gani?" Drusilla alisema, na wakati huohuo Mwalimu akaivuta ndoo juu.

Ilijaa vigae vyeusi. Chini yake kulikuwa na donge jekundu lililoungua kama tofali, na chini ya donge hilo, udongo. Drusilla aliuminya. Maji hayakutoka. Lakini haukumeguka pia. Ulibaki na alama za vidole vyake, vyote, hata kile kilichopinda.

"Mama? Unanisikia?"

"Ngoja kwanza, mkono umechafuka."

Aliilaza simu nyasini ikiendelea kuongea, akauburuta mguu hadi kwenye mdomo wa shimo, akainama. Kule chini Mosoti alikuwa ameacha kugonga, anaufukua ule udongo wenye unyevu kwa mikono.