Utando Kwenye Kichupa

Chepkirui hakuhitaji kipimo kujua maziwa yaliyolala. Alifungua kifuniko cha mkebe, akainama, akavuta pumzi mara moja, na mwenye mkebe akasoma hukumu yake kwenye bega la kulia la mwanamke huyo, ambalo lilishuka kila pua yake ilipokutana na uchachu. Ndivyo alivyofanya kazi kila asubuhi, mwaka wa tisa sasa, katika kituo cha kupozea maziwa nje kidogo ya soko la Merigi.

"Haya ni ya jana jioni, boiyo," alimwambia mzee Kimeli. "Umeyachanganya na ya leo."

"Ya jana ni kidogo tu," mzee akajitetea. "Kikombe."

"Kikombe kimoja kinaharibu tangi lote."

"Wewe siku nikifa usikuje kuninusa. Utanirudisha nyumbani."

Foleni nzima ikacheka. Chepkirui naye akatabasamu, lakini maziwa hayakuingia tangini. Mzee Kimeli akaufunga tena mkebe wake mgongoni mwa punda, akaondoka akinung'unika bila hasira, maana hata aliyerudishwa alijua kwamba Chepkirui hakuwahi kukosea. Waliobaki aliwapima mmoja mmoja: maziwa kidogo kwenye glasi, spiriti kidogo, tikisa, tazama. Yakiganda madonge, yanarudi.

Nyuma ya ukuta, mashine ilinguruma. Kando ya tangi lilikuwapo sanduku kubwa la chuma lililojaa maji na mabomba. Barafu iliganda kwenye mabomba hayo, na maji yake ndiyo yaliyopoza maziwa. Ndani ya sanduku hilo, katika mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba, ilining'inia dawa ya Dorine.

Dorine, bintiye wa pekee, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Ugonjwa wa sukari ulimpata akiwa na tisa, ule wa watoto, usiotulizwa na majani wala mizizi wala kujinyima chakula, ila insulini tu, sindano asubuhi na sindano jioni. Tangu hapo mama na binti waliishi kwa habari za kichupa: kipo, hakipo, kimefika Bomet, kimeisha, kuna duka Mulot limebaki nacho kimoja. Walipitia wiki ambazo Chepkirui alipunguza kipimo ili dawa ifike mwisho wa mwezi, huku akimtazama mtoto anavyonyauka kama majani ya chai yaliyochumwa yakasahauliwa guniani. Kwa hiyo mwezi wa Agosti, muuguzi Drusilla wa kituo cha afya alipomwita chumbani, akarudisha mlango na kumpa vichupa vinne kwa mpigo, aliomba kiti.

"Shika zote," Drusilla alisema. "Zimekuja leo, kuja tena sijui ni lini. Lakini utaziweka wapi, mama Dorine? Na stima kwako hakuna."

"Sitakosa mahali, Sista."

"Nitakuonyesha kitu. Chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, katikati mchanga. Huo mchanga unaumwagia maji asubuhi na jioni. Dawa inakaa poa. Joto ndilo linaiua hii dawa, umesikia? Joto."

Chepkirui aliitikia kwa adabu. Moyoni alikwishakataa. Yeye, aliyefanya kazi pembeni mwa mashine inayopoza lita elfu tatu kwa siku, aweke uhai wa mwanawe kwenye chungu na mchanga? Alibakiza kichupa kimoja nyumbani cha kuanza nacho, na vitatu akampelekea Kipngeno, fundi wa mashine.

"Weka ndani kabisa," alimwambia. "Pale penye baridi kali."

"Hapo ni karibu na bomba. Hata kidole hakivumilii."

"Basi ni hapo hapo."

Kipngeno alifunga mfuko huo kwa heshima, kama mtu anayefunga sadaka.

Septemba ilipofika katikati, kichupa cha kwanza kikaisha, akachukua cha pili. Ilikuwa ni dawa nyeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji, na miaka yote hiyo weupe wake hafifu haukumfurahisha. Hiki kilikuwa tofauti. Kilipopata joto la mkono wake, aliona utando umeshika kioo kwa ndani, na chembe nyeupe zimetulia chini. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapendezwa. Maziwa ya ng'ombe aliyeshiba huacha utando kwenye glasi. Maziwa ya mwizi aliyetia maji huteleza yakaiacha kavu. Hayo aliyajua tangu utotoni, kabla hajajua kusoma, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba si kweli. Akaona hatimaye amepata dawa nzito. Akakitikisa kwa nguvu, kama mtu atikisavyo sotet, kibuyu cha maziwa ya mursik, kabla ya kumimina, akavuta kipimo kamili, akamdunga mtoto.

Baada ya siku chache Dorine akaanza kunywa maji. Kikombe, kisha jagi, kisha akainama kwenye mtungi wenyewe. Akawa anatoka nje kukojoa mara kwa mara, na sare ya shule ikaanza kumning'inia mabegani. Vijiti vya kupimia sukari ya damu vilikuwa vimeisha tangu mwanzo wa mwezi, na dukani havikuwapo. Kwa hiyo Chepkirui alipima kwa njia aliyoijua: alitafuta mkosaji.

"Dorine. Ni nani anamaliza hii sukari kwa mkebe?"

"Si mimi, mama."

"Na hiyo maji unakunywa kama ng'ombe ya kiangazi ni ya nini?"

"Nasikia kiu tu."

"Hiyo ni kiu ya mtu amekula tamu."

Mtoto alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na meko, magoti yake yamechongoka, kitabu cha sayansi kimefunguka mapajani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, bila kuinua macho, "Mama, labda ni dawa imechoka."

"Dawa haichoki. Ni wewe umechoka kusema ukweli."

Jioni hiyo alifunga sukari ndani ya sanduku la nguo, na ufunguo akauvaa shingoni. Asubuhi, baada ya sindano, alipoenda kazini alimwacha Dorine kitandani, akadhani anadeka. Alipotoka mlangoni mtoto alisema neno, naye hakurudi kuuliza ni neno gani.

Siku ya tatu ya ufunguo huo, alirudi saa saba mchana akakuta mbuzi hawajatolewa na mlango uko wazi. Dorine alikuwa kitandani, anapumua kwa kasi na kwa kina kama mtu aliyepanda kilima mbio. "Dorine," aliita. Macho yalifunguka, yakampita, yakajifumba. Chepkirui akainama kumbeba, na pumzi ya mtoto ikampiga usoni.

Akasimama hivyo hivyo, mikono chini ya mwili huo mwepesi. Ilikuwa ni harufu tamu, ya ndizi mbivu zilizosahauliwa kwenye kikapu. Pua yake, ambayo haikuwahi kupitwa na kikombe kimoja cha maziwa ya jana, ilikuwa imelala chumba kimoja na harufu hii. Hakujua ni kwa siku ngapi. Hata alipomdunga, hakuwa ameukaribia uso wa mtoto kiasi cha kuijua.

Bega lake likashuka.

Kwenye kituo cha afya, Drusilla alitundika maji ya mshipa kabla ya kuuliza lolote. Alichoma kidole cha Dorine, akatumia kijiti kimoja kati ya vitatu alivyojiwekea mwenyewe kwenye mfuko wa koti, na mashine ndogo haikutoa namba, iliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu.

"Amekosa sindano siku ngapi?"

"Hata moja, Sista. Nadunga mimi mwenyewe."

"Iko wapi hiyo dawa?"

Chepkirui alifungua leso, akatoa kichupa. Drusilla alikigeuza kichwa chini, akakisogeza dirishani, akakitazama muda mrefu kupita ilivyostahili kitu kidogo namna ile.

"Mama Dorine, hii uliweka wapi?"

Chepkirui alieleza. Alieleza sanduku, mabomba, barafu, na hata wakati huo, kwa mazoea tu, sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, mpaka alipouona uso wa muuguzi.

"Imeganda," Drusilla alisema. "Ikishaganda imekufa. Hata ikiyeyuka haifufuki. Unaona huu weupe umeshika kioo? Ndiyo maiti yake."

"Nilidhani ni nguvu."

"Ee."

"Nilidhani ni kama malai."

Drusilla alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha pili. Alikuwa mwanamke mkubwa kutoka upande wa Nyamira, mwenye sauti ya kuita foleni nzima bila kusimama, lakini sasa alizungumza kama mtu anayekiri kanisani. "Kosa ni langu pia. Nilikwambia joto, joto. Ya barafu sikusema. Nani hapa ana barafu?"

Vichupa viwili vilivyobaki vilikuwa bado ndani ya sanduku, karibu na bomba, pale pasipovumiliwa na kidole. Hakuna aliyehitaji kwenda kuvitazama. Na kabati la Drusilla lilikuwa tupu. Alilifungua ili Chepkirui ajionee mwenyewe, kisha akalifunga taratibu, kana kwamba ndani yake kulikuwa na mtu amelala. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mjamzito Kericho. Hospitali ilipopigiwa simu ilijibu kwamba wagonjwa wake wanajinunulia dawa hiyo. Duka moja la Mulot likasema kipo kimoja, cha insulini ile angavu isiyochanganywa, inayofanya kazi haraka. Kipngeno alipopigiwa simu akaiacha mashine ya maziwa peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawasha pikipiki yake.

Kwa muda wa saa mbili na nusu Chepkirui alikaa kwenye benchi akiusikia ufunguo wa sanduku la nguo ukigusa kifua chake kila alipovuta pumzi. Hakuuvua. Matone ya maji yalishuka kwenye mpira, moja baada ya jingine, na Dorine aliendelea kupumua kama anayepanda kilima kisicho na kilele. Mara moja tu alifungua mdomo.

"Sikula, mama."

"Najua."

"Sukari sikula."

"Najua, mwanangu. Najua."

Lakini mtoto hakuonekana kama amesikia, na Chepkirui hakuweza kujua ni lini angepata nafasi ya kuyasema tena.

Kipngeno aliingia viatu vimejaa matope. Alifungua vifungo vya koti, kisha vya sweta, kisha vya shati, akatoa kichupa kilichokuwa kimegusana na ngozi yake.

"Niliogopa baridi," alisema. "Nikaiweka kifuani."

Hakuna aliyecheka. Drusilla alikipokea. "Kwa duka walikuwa wameweka kwa friji?"

Kipngeno alitazama matope ya viatu vyake. "Friji iko. Iko na soda pia. Lakini wanasema stima ilipotea tangu juzi, ikarudi leo asubuhi."

 Mbali, barabarani, lori la majani mabichi ya chai lilikuwa linapanda kuelekea kiwandani, injini yake ikilalamika.

Drusilla alikishika kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ilikuwa angavu kama maji ya chemchemi, haina utando, haina chembe. Chepkirui alisimama, akakitazama naye. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa akitazama kitu kwenye kioo na macho yake hayakumwambia lolote.

"Sista, hii ni nzuri?"

"Ni safi. Na tarehe yake bado."

"Nimekuuliza kama ni nzuri."

Drusilla alikuwa anavuta sindano. Alimaliza kwanza kutoa kipovu cha hewa. "Hapa hatuna kitu cha kupima dawa, mama Dorine. Tunampa, halafu tunamwangalia."

Chepkirui alifikiria glasi yake kule kituoni, na spiriti, na laktomita ya kupima uzito wa maziwa kwenye kasha lake, na mzee Kimeli aliyerudishwa kwa ajili ya kikombe kimoja. Vyote hivyo vilikuwa ni kwa ajili ya maziwa. Kwa dawa, kipimo kilikuwa hiki kilicholala kitandani, chenye mguu mmoja nje ya blanketi.

Sindano ikaingia. Kipngeno akaondoka bila kuaga, maana maziwa yalikuwa tangini na mashine haina mtu. Drusilla akaandika saa kwenye karatasi, saa kumi na dakika tano, akasema atarudi baada ya nusu saa, akaenda kwa wagonjwa waliokuwa wakimsubiri koridoni.

Chepkirui aliufunika ule mguu. Kisha akaweka mkono mmoja ukutani ili asimlemee mtoto, akafumba macho, akainama mpaka midomo ya Dorine ikawa karibu na uso wake, na kama afanyavyo kila asubuhi, akavuta pumzi mara moja.

Ndizi.

Ilikuwa bado mapema. Alijua kwamba ilikuwa bado mapema. Akahesabu matone ishirini, akahesabu mengine ishirini, akainama tena.