Gari Lililolala kwa Matope

Weldon alipotaka kushusha gari lake likae karibu na ardhi, fundi Okoth wa Roret alimshauri asubiri wiki mbili aletewe springi fupi, ngumu, pamoja na shoki fupi, zile za kuzuia mtikisiko, za kuendana nazo.

"Ukikata hizi springi zako na uache shoki za zamani, shoki zitakaa zimefinywa saa zote," Okoth alisema. "Zitapasuka. Na hata hizo mpya, inchi moja inatosha. Wewe unaishi kwa barabara ya murram, ya mashimo."

"Kata tu, fundi. Harusi ya rafiki yangu ni Jumamosi."

Okoth akakata. Kwenye msafara wa harusi vijana walilipiga picha gari lile lililokaribia kugusa lami, na Weldon akafurahi sana.

Jumanne mkewe Chepngeno akamwomba ampeleke mama yake, Priscah, kutoka Kiptere hadi kliniki ya Kericho. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho na siku ya kutolewa bandeji ilikuwa imefika. Weldon alisita. Kwa miaka minne ya ndoa alikuwa akimsalimia mama mkwe kutoka mbali, kwa heshima, kama desturi yao inavyotaka. Hawakuwa wamewahi kukaa pamoja. Lakini gari lingine halikuwepo.

Priscah akaketi nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ilikuwa nyembamba kama mfereji kati ya kingo mbili za mashamba ya majani chai. Kwa shimo la kwanza gari liligonga kwa nguvu. La pili, shoki ya mbele ikapasuka. La tatu, springi ikachomoka mahali pake, gari likateleza na tumbo lake likazama kwenye matope.

Weldon akasukuma mlango. Ulifunguka upana wa vidole viwili, kisha ukingo wake wa chini ukakwama kwenye udongo. Milango yote ilikuwa vivyo hivyo.

"Nitoke dirishani nitafute watu, Mama?"

"Mimi sitaweza kupita hapo. Daktari alinikataza kuinama." "Usiniache peke yangu humu, Baba Chelimo," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Hata kwa jicho lililo wazi sioni vizuri."

Basi akabaki. Akapiga simu, mtandao haukuwepo. Akapiga honi hadi ikaanza kukohoa. Vioo vilijaa ukungu wa pumzi zao. Hakuweza kugeuka kumtazama, wala hakuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Saa nzima ilipita hivyo, jasho likimtiririka mgongoni.

"Lilikuwa chini hivi tangu ununue?" Priscah akauliza.

Weldon angeweza kudanganya. "Hapana, Mama. Nilizikatisha springi mimi. Nilitaka watu waniangalie."

Akasikia mama mkwe akicheka polepole, akijishika jicho.

"Wameangalia?"

"Wameangalia."

Wachumaji chai wanane waliosikia honi ndio waliowatoa, wakichimba matope kwa majembe na kuinua gari upande mmoja hadi mlango ukafunguka. Adoyo, aliyekuwa akiwaongoza, alimbeba Priscah mgongoni hadi barabara kuu, na bandeji ikatolewa siku hiyo hiyo kabla kliniki haijafungwa. Jicho lilikuwa salama.

Gari lilivutwa hadi Roret. Okoth alionyesha tu shoki iliyovuja mafuta.

"Nirudishie urefu wa zamani," Weldon akasema. "Springi na shoki, zote mpya, za kuendana."

"Inchi moja hutaki?"

"Hata nusu sitaki."