Msitu Umerudishwa

Kila asubuhi saa mbili na nusu mfagiaji alifungua madirisha ya studio, akapangusa meza ya kuchorea, akachemsha chai ya mbunifu. Kibao cha getini kilisema: MSITU HUU WA ASILI UMERUDISHWA. Siku yake ya kwanza kazini alimuuliza mlinzi, "Umerudishwa kwa nani?" Mlinzi akacheka mpaka akakohoa.

Mwaka wa sita wa kazi yake, mbunifu alikuwa anachora hoteli ya vyumba arobaini, na kila alipochora ilitoka nyumba ya vyumba vitatu, jiko uani. Akabadili kalamu. Akabadili karatasi. Akahamia kwenye kompyuta, nayo ikatoa vyumba vitatu na jiko uani. Akasema ni unyevu wa miti, kisha akamgombeza aliyemuuzia wino, maskini wa watu.

Siku ya nne mfagiaji alichungulia mchoro.

"Hapo umekosea, bosi. Mlango wa jiko ulielekea kwenye mlimao."

"Mlimao gani?"

"Waliung'oa siku waliyotuhamisha. Walisema si mti wa asili."

Mbunifu akafuta, akarekebisha, akashukuru. Mlimao ukajichora wenyewe pembeni, pamoja na jiwe la kufulia. Jiwe lenyewe lilikuwa bado pale nje, maana mawe yalikubaliwa kuwa ya asili.

Mama yule mfagiaji akaweka ufagio chini, akamsimulia. Chini ya mlimao ule alimzika mwanawe wa miezi saba, na mti ndio uliokuwa alama. Ulipong'olewa, kaburi likapotea. Kazi aliiomba kwa ajili hiyo tu. Miaka sita alikuwa anafagia huku anatafuta. Jamani, miaka sita.

"Kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye mlimao ni hatua ngapi?"

Mbunifu akaweka rula. "Kumi na moja, kuja huku."

Mama akatoka, akasimama penye jiwe, akahesabu. Ya saba ilimwingiza mlangoni. Ya kumi na moja ilimfikisha kwenye meza ya kuchorea, juu ya saruji. Akalia palepale, wala hakujificha.

"Pole sana, mama," alisema mbunifu, na alimaanisha. "Meza ningeihamisha, ila mwanga mzuri uko hapa tu."

"Najua. Ndiyo maana nilimlaza hapa."

Ramani ya vyumba vitatu ilipendwa mno. Wenye hoteli walijenga nyumba ishirini za namna ile, kila moja na mlimao wake kwenye chungu.

Mfagiaji aliendelea na kazi. Kila alipofika mezani aliweka ufagio kando, akapiga magoti.

"Inua miguu kidogo, bosi."

Mbunifu aliinua, huku anaendelea kuchora. Mama akapangusa kwa kiganja, taratibu, akimwita mwanawe kwa sauti ya chini. Alipomaliza, mbunifu akairudisha miguu.