Ozella Alipoanguka Kanisani

Mdogo wangu Ozella alipoanguka kanisani mara ya kwanza, watu walipiga makofi. Kwetu Karolina Kusini, Marekani, mtu akianguka katikati ya wimbo, basi Roho amemshukia. Akina mama wahudumu wa kanisa, wa glavu nyeupe, humfunika shuka miguuni na kumpepea, na mpiga kinanda huongeza kasi.

Siku chache baadaye akaanguka jikoni kwangu, akiosha sukuma wiki. Wimbo haukuwepo.

"Na hapa nani kakuhubiria?" nilimuuliza kwa hasira, nikimwinua.

Akacheka, midomo imepauka. "Moyo tu, dada. Unakimbia kama kuku aliyeona kisu, halafu unatulia tuli, naona giza."

"Twende hospitali. Si ulishaambiwa una sarkoidosi, ule ugonjwa wa vivimbe?"

"Hiyo iko kwenye mapafu. Moyo wangu mzima. Nitakwenda Jumatatu, Jumapili naongoza kwaya."

Madaktari walikuja kunieleza baadaye, wakati haisaidii tena, kwamba vile vivimbe vya mapafuni vilishahamia moyoni na kukata njia ya mapigo. Kule kuanguka ndiko kulikokuwa dalili.

Jumapili alidondoka katikati ya ubeti. Makofi yakalipuka, shuka ikaletwa. Nilisukuma watu mpaka nikamfikia, nikaweka sikio kifuani pake.

"Hapumui! Nyamazisheni hicho kinanda, nyie! Iteni gari la wagonjwa!"

Mama Hattiebell, mkubwa wa wale wa glavu, akanishika bega kwa upole. "Mwache, mwanangu. Usimkatize Roho."

Mpiga kinanda akaongeza kasi.