Njia ya Moshi

Hapana, hakufukuzwa. Hayo ni maneno ya mtaani, na mtaa ukikosa lake la kusema hutafuna la jirani. Ukiuliza kwa nini Brashi alikula peke yake miezi saba ndani ya nyumba ya binti yake wa kumzaa, jibu ni fupi: alisusa. Alisusa mpaka akasahau alichosusia, akabaki na kususa kwenyewe.

Jina la Brashi lilitokana na kazi. Miaka thelathini na ushei aliandika kuta za mji ule: kinyozi, fundi saa, sabuni, betri, mikate, na sigara. Sigara zaidi ya vyote. Shule aliichungulia tu, lakini herufi zake zilisimama kama askari kwenye gwaride. Mkewe alipofariki, binti akamwambia, baba, hilo jumba utakaa na nani, njoo kwetu. Akaja na ngazi yake, debe la brashi na mashati manne, akapewa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama kamba ya nguo.

Humo ndani kulikuwa na binti, ambaye ni mshonaji, na mkwe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache isipokuwa akishaanza. Na mjukuu wa miaka kumi na miwili, mwenye pumu. Kifua kikimbana kilipiga filimbi, ndipo babu yake akamwita Kinanda. Naye hakukubali deni la utani, akamwita babu "mume wangu mkongwe".

Binti alikuwa na sharti moja tu. Sigara ni nje, uani. Ukimaliza, oga, badili shati, ndipo umsogelee mtoto, maana moshi hulala kwenye nguo. Sasa mzee akisikia neno kama hilo kwa mwanawe, hasikii pumu wala mtoto. Husikia kwamba ananuka. Brashi akajibu kuwa amelea watoto watatu kwa shati hilohilo, akabeba sahani yake akaenda chumbani. Kesho yake akafanya vilevile. Wakamwita, wakamwita, wakachoka. Sahani ikawa inaletwa mlangoni, imefunikwa kwa sahani nyingine.

Watu hudhani upweke ni kukaa mbali na wenzako. Brashi alikaa hatua nane. Nyumba ile haikuwa na dari, na kuta za vyumba ziliishia chini kidogo ya mabati, kwa hiyo kila kitu kilipita kwa juu: kijiko kikigonga bakuli, maji yakimiminwa, mkwe akisimulia jokofu alilolifungua akakuta panya amezaa ndani. Wakicheka kule, Brashi naye alicheka huku, halafu akajiziba mdomo, kama mtu aliyekula cha watu.

Akimaliza kula, aliwasha sigara yake. Msimu ule mvua haikuwa na adabu, uani hapakaliki. Akawa anasimama dirishani, mkono nje, anapuliza nje. Binti akimuuliza, alisema anavutia uani. Hakuona kuwa ni uongo. Kwake, dirisha na uani ni ndugu.

Kifua cha mtoto kikazidi. Daktari akauliza kama nyumbani kuna anayevuta, binti akasema yupo, ila anavutia nje. Basi wakatafuta mchawi mwingine. Wakafua mapazia, wakatupa godoro la sufi, na mwishowe paka akahukumiwa, akahamishiwa kwa jirani, akawa anakaa juu ya ukuta akiwatazama kama mtu aliyedhulumiwa, na kweli alidhulumiwa. Filimbi haikupungua. Ndipo ikaamuliwa kuwa shule zikifungwa, yaani wiki mbili zijazo, mtoto aende kwa shangazi yake, safari ya siku nzima, akakae huko mwaka akajaribu hewa nyingine.

Brashi hilo alilisikia kwa juu ya ukuta, kama alivyosikia yote. Akaweka kijiko chini. Mtu pekee aliyekuwa akigonga mlango wake, akachungulia bila kuvuka kizingiti, akamuuliza "mume wangu mkongwe umeamkaje", ndiye aliyekuwa anaondoka.

Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafungwa, mtoto akaja na daftari. Mwalimu wao wa lugha aliwasomesha shairi, halafu akawaambia tangazo la biashara ni binamu wa shairi: yote mawili yanachagua neno la kusema na neno la kumeza. Kila mtu akatafute tangazo mtaani kwake, aliulize maswali manne. Anayesema ni nani? Anamwambia nani? Anataka huyo afanye nini? Na nini hakikuonyeshwa?

"Nataka ule ukuta wako," mtoto akasema. "Wa ghala."

Wakaenda, yeye mbele, babu nyuma hatua kadhaa, maana shati lilikuwa la jana. Mchoro ulikuwa umepauka lakini unasomeka. Mwanamume wa shati jeupe anavuta sigara, mwanamke ameketi pembeni yake, anatabasamu. Chini, kwa herufi nyekundu: RAHA YA BABA NI RAHA YA NYUMBA.

Maswali matatu yalikwenda upesi. Anasema mwenye kiwanda, anamwambia baba, anataka anunue. Mtoto akaongeza kuwa neno "nyumba" limewekwa ili baba asijione mchoyo. Akivuta, adhani anawagawia wenzake. Brashi akacheka. Herufi zile alizipaka mwenyewe na hakuwahi kuzisikia zikisema hivyo.

La nne likamkwamisha mtoto. Akasimama, akainamisha kichwa huku na huku.

"Babu, mbona huu moshi umenyooka juu kama kamba? Siku hiyo hapakuwa na upepo?"

Brashi akakaa kwenye jiwe. Akamweleza kuwa yule mwanamke ni bibi yake. Alimkalisha juu ya kopo la rangi, yeye akawasha sigara ili auone moshi unavyokwenda, akauchora ulivyokwenda: ulimpitia mkewe usoni, naye amefinya jicho moja. Ilikuwa picha nzuri, kweli tupu. Akaja bwana wa kampuni, akatazama, akasema moshi upande juu, na mama atabasamu. Brashi akapaka chokaa pale, akachora upya. Akapewa katoni nzima ya sigara kwa usikivu wake.

Mtoto akaandika: kilichofichwa ni njia ya moshi. Kisha, bila kuinua macho:

"Bibi alikuwa anavuta?"

"Hata siku moja."

"Sasa mbona mama anasema alikufa kwa mapafu?"

Brashi alikuwa amerudi kwenye benchi la hospitali, miaka minne nyuma. Daktari anamuuliza mkewe nyumbani nani anavuta sigara. Mkewe anageuza uso, anamtazama mumewe, anamrudia daktari. Anasema, "Wageni tu, wakija." Naye Brashi, pakiti mfukoni, alishukuru moyoni kwa kusitiriwa aibu, akamshika mkono wakarudi nyumbani. Jioni ileile akavuta mbili.

Waliporudi kutoka ghalani mvua ikaanza. Mtoto akaingia chumbani kwake kuandika, Brashi kwake. Mkono una mazoea yake, ukawasha. Akasimama dirishani kama kawaida, akapuliza nje. Ila siku ile akageuka kuutazama moshi, kwa jicho la kazi, kama anataka kuuchora.

Ulitoka hatua moja. Upepo wa mvua ukaurudisha. Ukamzunguka begani, ukatambaa ukutani polepole, ukapanda. Kwenye ile nafasi chini ya mabati ukajikunja, ukavuka. Ng'ambo ya ukuta ule ndipo kilipo kitanda cha mtoto. Brashi akasubiri, hapumui. Akahesabu kidogo. Ng'ambo kikaja kikohozi kimoja, halafu filimbi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na yeye alikuwa akidhani ni habari za wezi.

Asubuhi mvua ilipokatika alichukua ngazi na debe. Watu wakapita wakimtania: Brashi, kampuni imekukumbuka? Bado wanakudai katoni? Akapanda ngazi. Hakuwa amevuta tangu jana, mstari mmoja ukaenda upogo, akauacha. Alikwangua ule moshi wa kamba, akaulaza pale ulipolala siku ile, juu ya uso wa mkewe. Akamfinya jicho. Tabasamu likamshinda kulifuta, akaliacha. Ndivyo alivyokuwa, akitabasamu huku amefinya.

Akarudi mchana. Binti alikuwa jikoni anapakua. Brashi akasimama nje ya mlango, rangi mpaka kwenye nyusi.

"Si paka," akasema. "Ni mimi. Nimekuwa nikivutia dirishani. Moshi unavuka juu ya ukuta, nimeuona kwa macho yangu."

Binti akashika mwiko. Akamtazama baba yake kwa muda mrefu, na Brashi akaona macho ya mkewe siku ile hospitalini, ila haya hayakumfichia mtu.

"Mama pia?" akauliza.

"Mama yako pia."

Mchuzi ukaanza kushika chini ya sufuria. Binti akaugeukia, akaukoroga, akafuta uso kwa bega.

"Sijui niseme nini, baba," akasema akiwa amempa mgongo. "Kaoge. Chakula kinapoa."

Akajisugua rangi kwa tapentaini, akaoga mara mbili. Pakiti akaitumbukiza chooni. Akavaa shati la nne, lile lisilovaliwa tangu msiba. Alipoingia sebuleni, sanduku la mtoto la safari ya kwa shangazi lilikuwa mlangoni, limeshafungwa, na hakuna aliyeligusa wala kulisema. Mkwe akavuta kiti, akaanza ile habari ya panya upya kana kwamba mzee hajawahi kuisikia, naye akaisikiliza kana kwamba hajaisikia. Mtoto akamnusa begani waziwazi, kama mpishi anayeonja.

"Unanuka tapentaini, mume wangu."

"Hiyo itatoka," Brashi akasema.

Paka akaingia bila kuitwa, akalala chini ya meza. Binti akaleta sahani ya tano, ile ya kufunikia, kwa kupitiwa, akairudisha, akaketi. Wakaketi wote, wakala.