Mtandio wa Mama Katika Riwaya ya Shangazi

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha heshima yangu bwenini. Ilifia darasani, kipindi cha fasihi, mbele ya mashahidi wengi, na aliyeiua ni shangazi yangu wa damu.

Shangazi ni mwandishi wa riwaya. Mimi ndiye niliyepaka upupu kwenye taulo la kiranja, na hadi siku ile hakuna aliyewahi kuniona nikilia. Mwalimu akafungua riwaya mpya ya Shangazi, akasoma kwa sauti habari za mvulana mtundu ambaye, tangu mama yake aondoke nyumbani, hulala na mtandio wa mama ndani ya foronya. Wa kijani, umeungua pembeni kwa pasi.

Jirani yangu wa kitanda, tunayemwita Spika kwa kuwa hajui kunong'ona, na aliyewahi kuona kitambaa cha kijani kikichungulia kwenye foronya yangu asijue ni cha nani, akanigeukia.

"We, si ule wako?"

Darasa lilicheka mpaka mwalimu akakaa chini kusubiri. Siri ile nilikuwa nimempa mtu mmoja tu, jikoni kwake, tukimenya viazi.

Likizo ilipofika nikamwendea, nikamkuta na beseni la viazi vilevile. Hakukana. Akanikumbusha habari za babu, fundi cherehani, ambaye hakutupa hata kipande kilichobaki kwenye kitambaa cha mteja. Aliwashonea watoto wake nguo kwa vipande hivyo, na kuna mteja aliyekutana njiani na suruali yake imegeuka mkono wa gauni la Shangazi. Basi yeye naye, akasema, anashona kwa masalio, ndivyo alivyolelewa. Tena jina langu hakulitaja, nimshukuru.

"Babu alichukua kilichobaki, Shangazi," nikamwambia. "Wewe umenivua nguo niliyokuwa nimeivaa."

Akaweka kisu chini. Nilidhani yamemchoma. Kisha nikaona midomo yake ikicheza taratibu, ikiyarudia maneno yangu, kama mtu anayeogopa kuyasahau kabla hajafika kwenye meza yake ya kuandikia.

Nikachukua kisu na kiazi. Mkubwa ni mkubwa, hata akiwa mwizi.

"Mama yako je," akauliza kwa upole, sauti ileile ya siku zote. "Amepiga simu?"

Mama alikuwa amepiga asubuhi ile. Tuliongea mpaka simu ikazima.

"Bado," nikasema, nikaendelea kumenya.