Wenzo Hauvutwi kwa Huruma

Bunduki ilikwama tena mbele ya fisi, na asubuhi shemeji yangu akaja kuidai.

"Shemeji, huu si mwiko wa jikoni," akasema. "Nipe nilinde zizi mimi, kabla fisi hawajatumalizia mbuzi."

Tangu mume wangu afariki, zizi la mama mkwe nalilinda mimi, na kwa kazi hiyo wanangu wanakula. Bunduki ikienda, na zizi limekwenda. Mama mkwe, mwenye neno la mwisho, alikuwa kibarazani akitusikiliza.

"Nipeni mpaka alasiri," nikasema.

Bunduki yetu ni ya wenzo. Ukivuta ule mkono wa chuma ulio chini, ganda la risasi iliyokwisha pigwa linaruka nje, na kijiko kilicho ndani kinainua risasi nyingine. Ukiurudisha, risasi inaingia kwenye chemba, tundu lililo nyuma ya mtutu. Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliwafundisha wanawe kuuvuta polepole, eti chuma kizee hakitaki fujo. Mume wangu akanifundisha vivyo hivyo. Ikikwama, tulijilaumu kuwa tumetumia nguvu, tukazidi kuibembeleza kama mtoto mgonjwa.

Nikasali kwanza. Sikuomba muujiza, niliomba macho. Kisha nikatoa risasi zote, nikatia zile za mazoezi zisizo na baruti, nikavuta kwa upole wetu wa siku zote huku nikichungulia ndani. Karibu na mwisho wenzo ukawa mgumu kidogo. Hapo ndipo ukoo mzima ulipokuwa ukiishia, kwa heshima! Kijiko kilikuwa hakijafika juu. Nilipourudisha, risasi ikagonga chini ya mdomo wa chemba, ikabanwa.

Nikaitoa, nikavuta tena mpaka chuma kikagonga chuma. Risasi ikapita kama maji.

Alasiri tuliweka debe mbele ya kichuguu. Nikapiga, nikavuta kwa nguvu, nikapiga tena.

"Unaivunja!" shemeji akapiga kelele. "Hiyo ni mali ya baba!"

"Baba yuko kwa Mungu, haihitaji. Fisi wako hapa."

Nikapiga mpaka risasi zikaisha. Haikukwama hata mara moja. Debe lilikuwa limelala chali.

"Mpe na yeye," mama mkwe akasema.

Shemeji akapakia, akapiga, akavuta taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Ikakwama.

"Vuta mpaka mwisho, shemeji. Usiionee huruma."

"Siwezi kumvunjia baba heshima mbele ya mama."

"Mbele ya mbuzi je?"

Mama mkwe akacheka kwa pua, kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, baba yako nilimpenda kuliko wewe unavyompenda. Lakini kila ilipokwama, aliyekimbia na kijinga cha moto kufukuza fisi nilikuwa mimi. Mrudishie mwenzako."

Shemeji akanirudishia bila kunitazama. Nikaelekeza mtutu kwenye kichuguu, nikavuta wenzo mpaka mwisho, risasi iliyobanwa ikaangukia mchangani.

"Na siku ikivunjika mkononi mwako?" akauliza.

"Siku hiyo nitalinda kwa rungu," nikamjibu. "Ila zizini sitoki, shemeji. Hata uje na ukoo mzima."

Nikapakia upya, nikaenda kuwafungia mbuzi.